Simu Huvunjika, Amana Zisivunjike Nayo

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema zinamstahikia Allah (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na sahaba zake. Ama baad.



Leo tumekusudia kuzungumzia kifaa ambacho takriban kila mmoja wetu amekinyamazisha kabla ya kuingia katika safu, nacho ni simu ya mkononi, hususan zile ziitwazo simu janja. Tumezoea kusikia juu ya mimbari maonyo kuhusu madhara yake, na maonyo hayo ni ya haki. Lakini mizani ina vitanga viwili. Leo tutazame kitanga cha pili, yaani manufaa yake, kisha tuulize swali ambalo wengi hatulijibu mpaka tumechelewa: Je, simu hii ikianguka leo majini, ni kitu gani cha watu kitakachopotea pamoja nayo?

Ama kuhusu manufaa, ni mengi. Sisi tuliosoma katika vyuo vya Kiarabu tunakumbuka uzito wa majalada ya tafsiri na sherehe za hadithi, na foleni ya kugombea nakala moja ya kamusi. Hivi sasa programu ya al-Maktaba ash-Shamila humpa mwanafunzi maelfu ya vitabu vya Kiarabu, naye huvisoma bila ya kununua bando akishavipakua. Aidha, mzee ambaye macho yake yamefifia huweza kuyakuza maandishi, na asiyeona kabisa husomewa yaliyomo kwenye kioo na programu ya TalkBack iliyomo katika simu nyingi za Android. Mkulima huipiga picha hati ya shamba lake. Mama huitunza picha ya kadi ya kliniki ya mwanawe. Na tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka 2008, mtoto aliye mjini humtumia mzazi wake matumizi bila ya kumkabidhi fedha dereva wa basi.

Hata katika ibada zetu zimo programu za kutusaidia, ila zahitaji mtu anayezifahamu. Programu ya kibla hutegemea dira iliyomo ndani ya simu, na dira hiyo hupotoshwa na kava lenye sumaku au nondo zilizo karibu. Hivyo basi, ni vyema tujue asili ya jambo. Makka ipo takriban kaskazini moja kwa moja kwa aliyepo Dar es Salaam au Mombasa, na kwa aliyepo Kigoma kibla huelekea mashariki ya kaskazini kwa nyuzi kama 20. Simu ikikuonesha magharibi ukiwa Mombasa, vua kava kwanza.

Vilevile nyakati za swala. Tumeona majirani wawili wakibishana juu ya Alfajiri, kila mmoja akiitetea simu yake, na kumbe tofauti ilikuwa katika mpangilio tu. Zipo hesabu zinazochukua jua likiwa nyuzi 15 chini ya upeo wa macho, nyingine nyuzi 18, na ile ya Misri nyuzi 19.5. Kwa maeneo yetu, baina ya ya kwanza na ya mwisho kuna takriban dakika 18 hadi 20. Ndani ya programu hizo kuna pia sehemu ya kuchagua Alasiri ya Kishafii au ya Kihanafi. Tukubaliane msikitini juu ya hesabu moja, kisha kila mmoja airekebishe simu yake, nasi tutakuwa tumeziba mlango mmoja wa mabishano.

Ndugu zangu, sasa tuingie katika kiini cha maneno yetu. Simu imekuwa daftari la madeni, sanduku la nyaraka na kitabu cha michango. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu, yaani aya ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikishana madeni na kuweka mashahidi. Anayeandika deni katika simu amefanya jambo jema. Lakini maandishi yaliyopo mahali pamoja tu, ndani ya kifaa cha kioo, ni maandishi yanayoning'inia kwenye uzi.

Tunamfahamu mhazini wa kamati moja ya kuchimba kisima, mtu mwaminifu ambaye hatujapata kusikia akilalamikiwa. Orodha yote ya waliochanga na waliokopeshwa vifaa ilikuwa katika simu yake. Siku moja aliinama kutawadha, simu ikamtoka mfuko wa kanzu ikazama hodhini. Wenye nia njema waliitoa, wakaiwasha waone kama inafanya kazi, kisha wakaichomeka kwenye chaji. Haikuwaka tena. Fedha zilikuwepo zote, lakini orodha haikuwepo. Kamati ikalazimika kupita nyumba kwa nyumba kuuliza nani alitoa kiasi gani, na baadhi ya waliotoa walikwishafariki. Minong'ono ikaanza, na mtu mwaminifu akatazamwa kwa jicho la shaka kwa sababu ya hodhi la maji. Kilichoharibika siku ile kilikuwa kikubwa kuliko simu.

Basi tujifunze. Maji huiua simu kwa sababu yana chumvi na madini yanayopitisha umeme mahali pasipostahiki, na baadaye huleta kutu. Kwa hiyo, simu ikilowa, la kwanza ni kuizima papo hapo. Usiichaji wala usiijaribu-jaribu. Ondoa kava na laini, ifute kwa kitambaa kikavu, kisha iache mahali penye upepo kwa muda wa kutosha, siku moja au zaidi. Usiianike juani wala usiipulizie hewa ya moto. Na ile desturi ya kuizika ndani ya mchele tuiache. Kampuni ya Apple mwaka 2024 iliwatahadharisha wateja wake kwamba chembe za mchele zaweza kuidhuru simu. Mchele tuupike.

Wapo watakaosema: "Simu yangu haiingii maji." Tuseme nao kwa hoja. Alama ya IP67 maana yake ni kuwa simu ikiwa mpya ilijaribiwa katika maji baridi yenye kina cha mita 1 kwa dakika 30. Maji ya bahari hayamo katika ahadi hiyo, na kinga yenyewe hupungua kadiri simu inavyochakaa, kuanguka au kufunguliwa na fundi. Ama betri ikivimba, usiitoboe wala usiendelee kuichaji, kwani yaweza kushika moto ndani ya nyumba yenye watoto.

Na kioo kikipasuka kikakataa kuguswa, usikate tamaa upesi. Simu nyingi za Android hukubali kuunganishwa na kipanya cha kompyuta kwa kiungio kidogo cha bei nafuu, na kama kioo bado chaonekana, mtu huweza kuyatoa yaliyomo kabla ya kuipeleka kwa fundi. Tena kabla ya kumkabidhi fundi, toa laini na kadi ya kumbukumbu, wala usimwachie namba za siri za fedha. Picha za watu wa nyumbani kwako ni sitara yako.

Hata hivyo, dawa iliyo bora ni ile inayotangulia ugonjwa. Sote tunaijua hadithi iliyopokewa na Tirmidhi ya mtu aliyemuuliza Mtume (S.A.W.) kuhusu ngamia wake. Kufunga kamba hakupingani na kutawakali. Kamba za simu ni tatu.

Ya kwanza, majina na namba za watu zihifadhiwe katika akaunti ya mtandaoni, na picha za nyaraka zipate nakala huko au katika kompyuta ya mtu mwaminifu. WhatsApp nayo ina sehemu ya kuhifadhi nakala ya mazungumzo kila siku, ila ni lazima mwenye simu aiwashe.

Ya pili, laini iwe imesajiliwa kwa jina lako mwenyewe. Fedha za mtandao hazikai ndani ya simu wala ndani ya laini; zipo katika hesabu za kampuni. Mwenye kitambulisho chake atapewa laini mpya na salio lake atalikuta. Anayetumia laini ya jina la mtu mwingine ana kesi.

Ya tatu, kila deni na kila mchango uliomo katika simu uwe na nakala ya karatasi, na mtu wa pili anayejua ilipo. Mauti hayasubiri simu ipate chaji, na warithi hawaijui namba yako ya siri.

Ndugu zangu, tusitoke hapa tukasema tumesikia mawaidha mazuri kisha basi. Kabla ya Ijumaa ijayo, kila mhazini wa msikiti, wa madrasa na wa vikundi vya akina mama achukue daftari na kalamu, anakili yaliyomo katika simu yake, na mwenzake atie saini. Kazi hiyo ni ya saa moja, na italinda heshima ya miaka.

Tunamuomba Allah (S.W.) atujaalie kuwa watunzaji wa amana, na atukinge na fitna zinazotokana na uzembe. Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.