Je, Washitakiwa wa Kosa Moja Wahukumiwe Pamoja?

Jioni hii napenda tufikiri juu ya swali moja: watu wawili au zaidi wakishitakiwa kwa kosa moja, je, yafaa wahukumiwe katika kesi moja, au kila mtu awe na kesi yake?

Sheria za Kenya na Tanzania zaruhusu watu wanaoshitakiwa kwa kosa moja, lililotendeka katika tukio moja, washitakiwe pamoja. Sababu zake ni njema. Mashahidi hutoa habari zao mara moja tu, wala hawaachi mashamba yao mara mbili. Tena, wakitengwa, kila mmoja aweza kumtwika mzigo mwenziwe asiyekuwapo, na korti mbili zaweza kutoa hukumu zinazopingana.

Lakini iko hatari. Wazee husema, samaki mmoja akioza, wote wameoza. Maneno hayo yamfaa mwenye kununua samaki, hayamfai hakimu. Watu sita wakisimama pamoja kizimbani, ni rahisi ubaya unaosemwa juu ya mmoja kuwaangukia wote.

Kumbukeni kesi ya Kapenguria, katika nchi ya Kenya. Mwaka 1952 Jomo Kenyatta, Fred Kubai, Bildad Kaggia, Paul Ngei, Kung'u Karumba na Achieng Oneko walishitakiwa pamoja kwamba waliongoza Mau Mau. Tarehe 8 Aprili 1953 wote sita walitiwa hatiani, kila mmoja akapewa kifungo cha miaka saba. Rufani ilipoamuliwa, Januari 1954, hukumu ya Oneko ilifutwa, za wenziwe zikabaki. Walakini hakurudi nyumbani kwake. Serikali ilimweka kizuizini miaka mingine. Basi, aliyeonekana hana hatia aliteseka pamoja na wale waliohukumiwa.

Hatari nyingine ni ungamo. Mshitakiwa mmoja akikiri na kuwataja wenziwe, huenda ametaja ili kujipunguzia adhabu, au kwa kisasi cha zamani. Kwa hiyo Sheria ya Ushahidi ya Tanzania ya mwaka 1967 yakataza mtu kutiwa hatiani kwa ungamo la mshitakiwa mwenziwe peke yake. Lazima uwepo ushahidi mwingine.

Kwa maoni yangu, kesi moja ni njia njema, maadamu ushahidi wa kila mtu unapimwa mbali. Lakini ikiwa neno kubwa linalomkabili mmoja ni ungamo la mwenziwe, afadhali watengwe, hata mashahidi wakisumbuka kuja mara ya pili. Usumbufu wa siku mbili si kitu mbele ya kifungo cha miaka saba.

Nanyi vijijini, mnapoamua mashauri ya ng'ombe na mipaka, msiulize, "Alifuatana na nani?" Ulizeni, "Yeye mwenyewe alitenda nini, na nani aliyemwona?"