Majoho Yetu ya Zamani



Dorkasi alipofariki kule Yafa, wajane walisimama wakilia, wakimwonyesha Petro nguo alizowashonea. Tunasoma hayo katika Matendo ya Mitume sura ya 9. Kazi ya mikono yake ndiyo iliyomshuhudia.

Majoho yetu ya kwanza yamekaa stoo miaka mingi. Mengine ni ya wanakwaya waliotangulia mbele za Bwana, ndiyo maana hakuna aliyethubutu kuyatupa. Naomba tuyashone yawe mablanketi ya viraka. Tuyafue, tukate vipande vya mraba, tuviunganishe. Katikati tuweke blanketi kuukuu, chini kitambaa cha pamba, kisha tupige mishono ipenye tabaka zote tatu. Mimi niliwahi kuiruka hatua hiyo. Blanketi la mwanangu lilipofuliwa, ndani likawa mafundo matupu.

Joho la marehemu tulikate peke yake, na blanketi lake liende kwa familia yake. Yatakayobaki tuwapelekee akina mama wanaojifungua bila cha kumfunikia mtoto.

Jumamosi baada ya mazoezi, njooni na mikasi, sindano na uzi.