Jukwaa Ndani ya Ratiba: Kuchagua Chuo Kinacholea Masomo na Uigizaji

Mada iliyoandaliwa kwa semina ya wazazi, walimu na wanafunzi wa shule za upili, Kiserian, Kaunti ya Kajiado

1. Utangulizi



Kila mwaka tamasha za drama zikiisha, shule zetu hubaki na vijana waliong'ara jukwaani. Matokeo ya mtihani wa KCSE yakitoka, vijana hao hao hukaa mbele ya ukurasa wa KUCCPS wa kuombea nafasi za vyuo wasijue wachague nini. Mzazi anataka shahada yenye heshima, mtoto anataka jukwaa, na methali iko tayari mdomoni: mshika mbili moja humponyoka.

Nasema mawili haya hushikika. Kinachotuponza ni kuchagua chuo kwa jina au kwa picha za kwenye brosha, bila kuuliza swali moja: hapa jukwaa limo ndani ya ratiba, au huja baada ya ratiba? Likiwa ndani, mazoezi yana mwalimu, yana saa zake na yana alama. Likija baada, hicho ni chama cha wanafunzi. Vyama vimelea wasanii wengi, ila mzazi anayelipa karo ajue analipia kipi.

2. Waliotangulia

Francis Imbuga alikuwa mwigizaji, mwandishi na mhadhiri, na alifundisha kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Kenyatta. Tamthilia yake Betrayal in the City ilichapishwa mwaka 1976, na mwaka uliofuata ikaiwakilisha Kenya katika tamasha la FESTAC mjini Lagos. Chuo Kikuu cha Nairobi nacho kilikuwa na kundi lake la maigizo ya kusafiri tangu 1974, likifuata nyayo za Makerere. Wanafunzi waliosoma fasihi darasani ndio waliopanda magari kwenda kuigiza mashinani bila kiingilio.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilimtoa Ebrahim Hussein, mwandishi wa Kinjeketile (1969), ambaye baadaye alipata uzamifu Berlin. Amandina Lihamba na Penina Mlama waliandika tamthilia huku wakipanda ngazi hadi uprofesa.

Lupita Nyong'o, ambaye vijana wote hapa wanamjua, aliigiza Juliet na kundi la Phoenix jijini Nairobi akiwa na miaka 14. Alisoma kwanza Hampshire College, Marekani, shahada pana ya filamu na maigizo. Ndipo akaingia shule ya drama ya Yale, akahitimu mwaka 2012 na kutwaa tuzo ya Oscar mwaka 2014.

Hakuna hata mmoja aliyetupa kitabu ili ashike jukwaa. Tofauti ni mpangilio: wengine walivibeba vyote kwa pamoja, wengine walianza na elimu pana, ufundi ukafuata.

3. Njia tatu

Ya kwanza ni shahada ya sanaa za jukwaani. Hapa nchini, Chuo Kikuu cha Kenyatta kinafundisha maigizo pamoja na filamu, na Moi, kule Eldoret, kina idara inayounganisha fasihi, maigizo na filamu. Nje ya mpaka kuna Dar es Salaam na Makerere. Shahada hapa nchini huanzia alama ya C+, lakini pointi za kuingilia kozi hupanda na kushuka kila mwaka kwa wingi wa waombaji. Msiweke matumaini yote kwenye kozi moja.

Ya pili ni shahada nyingine inayosimama yenyewe, kama ualimu, huku mwanafunzi akiigiza chuoni. Njia hii hudharauliwa bure. Tamasha za drama za shule, zilizoanza mwaka 1959, zimebebwa na walimu: ndio waandishi, ndio waelekezi, ndio washona maleba. Tena sasa mtaala mpya umeleta somo la Maigizo na Filamu katika mkondo wa Sanaa na Michezo, na wanafunzi wa kwanza waliingia Gredi ya 10 Januari 2026. Somo hilo linahitaji walimu. Anayelenga huko ahakikishe ana masomo mawili ya kufundishia yanayokubaliwa na Tume ya Huduma za Walimu (TSC), kwa alama isiyopungua C+ katika kila moja.

Ya tatu ni kuanza na ufundi wenyewe kwa stashahada. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianzishwa mwaka 1981, na leo kinaitwa TaSUBa. Mwanafunzi huko huigiza, hucheza ngoma na kupiga ala kama kazi ya kila siku. Anayetaka kuendelea hadi shahada aulize mapema kama cheti chake kitatambuliwa huku Kenya.

Tahadhari moja: tuna vyuo jirani kwenye Barabara ya Magadi vyenye kozi za uanahabari na mawasiliano. Ni kozi nzuri, lakini uanahabari haufundishi uigizaji.

4. Mkienda kuzuru chuo

Nendeni siku ya kazi, msingoje siku ya maonyesho ambapo kila kitu kimepambwa. Ombeni orodha ya kozi za miaka yote, mhesabu ngapi ni za vitendo na zinaanza mwaka gani. Kisha ingieni ukumbini. Je, kuna alama za chaki au utepe sakafuni zinazoonyesha mwigizaji asimame wapi, au kuna viti vilivyorundikwa vikisubiri mkutano? Taa za jukwaani zinawaka? Chumba cha maleba kina nguo zilizotoka kuvaliwa, au kufuli lenye kutu?

Mwisho, mtafuteni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, mbali na ofisi. Mwulizeni amepanda jukwaani mara ngapi, na nani alimsahihisha. Hapo mtajua mengi kuliko brosha itakavyowaambia.

5. Hesabu ya mtu wa Kiserian

Mazoezi ya mchezo huisha usiku. Mwanafunzi wa Kenyatta anayelala Kiserian atapanda gari la Thika Road hadi mjini, kisha la pili kupitia Lang'ata na Rongai, na msongamano wa Barabara ya Magadi mnaujua. Atachelewa darasani au ataacha mazoezi, na mara nyingi ataacha mazoezi. Kwa hiyo pesa ya malazi karibu na chuo ihesabiwe pamoja na karo tangu mwanzo.

6. Mapendekezo

Walimu, wapeni watahiniwa habari za kozi hizi kabla ya msimu wa tamasha kwisha. Wanafunzi, alama ya C+ ndiyo tiketi ya shahada. Mwelekezi hawezi kukupa nafasi ambayo KCSE imekunyima. Wazazi, msimkataze mtoto kabla ya kusoma ratiba ya chuo anachokitaka, wala msimkubalie kabla ya kuisoma. Mwombeni ailete nyumbani, mketi naye, mwisome pamoja mstari kwa mstari.