Hifadhi si Akiba: Kupanga Seva za Mbali kwa ajili ya Sauti za Nachingwea



Mada ya mhadhara huu ni maneno mawili, hifadhi na akiba, ambayo katika lugha ya kompyuta hutumiwa kana kwamba ni visawe. Tofauti yake hudhihirika pale inapopangwa namna ya kutunza sauti za wazungumzaji wa Kimwera wa Nachingwea na Ruangwa katika kundi dogo la seva, lililowekwa kwenye kituo cha data kilicho mbali na wilaya hizo.

Mpango huanza kwa hesabu. Saa moja ya sauti iliyorekodiwa kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, biti 24, mikondo miwili, huchukua takribani gigabaiti 1. Saa 2,000 ni terabaiti 2. Kwa mtandao wa megabiti 10 kwa sekunde, mzigo huo ungesafiri siku zipatazo 19 bila kukoma. Ni heri shehena ya kwanza ipelekwe kwa diski, kwa barabara, na mtandao ubebe nyongeza tu. Kituo nacho kiwe Dar es Salaam badala ya ng'ambo: Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika, intaneti ya Tanzania ilidorora sana.

Seva ziwe 3, si 2. Zikiwa 2 na mawasiliano baina yake yakikatika, kila moja yaweza kudhani nyingine imezimika, zote zikaandika mambo yanayopingana. Zikiwa 3, mbili zinazowasiliana ndizo zenye kauli. Kila seva iwe na njia 2 za umeme na mlango wa kuisimamia kutoka mbali, kwani fundi wa Nachingwea hawezi kusafiri kila mtambo unapoganda.

Hapa ndipo isimu inapohusika. Nakala 3 zinazolingana ni hifadhi tu: faili likifutwa kimakosa katika seva moja, hufutwa katika zote. Akiba ni kilichotengwa na matumizi ya kila siku. Mkulima huweka mbegu darini, juu ya moshi wa jiko. Haziachi katika gunia linalochotwa unga wa ugali. Vivyo hivyo, diski za akiba zibaki Nachingwea, nje ya mtandao, na mara kwa mara zijaribiwe kama zinasomeka.

Wilaya yenyewe ina funzo. Mwaka 1947 Uingereza ilianzisha mradi wa karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Mitambo ilitangulia uchunguzi wa kutosha wa udongo na mvua. Mwaka 1951 mradi ukaachwa, baada ya kugharimu pauni zipatazo milioni 36. Reli iliyofika Nachingwea iling'olewa katika miaka ya 1960.

Karanga zaweza kupandwa tena. Lakini fundi akisoma "hifadhi" akaamini kwamba akiba ipo, sauti ya mzee aliyekwisha fariki haitarekodiwa mara ya pili. Ndiyo maana wanaistilahi hawana budi kuyatenga maneno haya mawili, kabla seva ya kwanza haijanunuliwa.