Pakiti za Sauti: Kwa Nini Simu ya Intaneti Hukwaruza



Mteja akiona simu ya intaneti inakwaruza, hukimbilia kununua kifurushi chenye spidi kubwa zaidi. Mada hii inapinga dawa hiyo. Mara nyingi kinachoharibu maongezi ni sauti kuchelewa njiani.

Tuchukue neno moja. Kijana wa Unguja anampigia shangazi yake aliyeko Muscat na kusema "Shikamoo". Neno hilo huchukua kama nusu sekunde. Kwa kodeki (kanuni ya kugeuza sauti kuwa data) ya G.711, ya miaka mingi lakini bado imo kwenye simu nyingi za ofisini, sauti hupimwa mara 8,000 kwa sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa baiti moja. Vipimo hivyo kwa kawaida hufungwa katika pakiti za milisekunde 20. Kwa hiyo "Shikamoo" huondoka ikiwa pakiti 25, kila moja ikibeba baiti 160 za sauti pamoja na baiti 40 za anwani, namba ya mfuatano na alama ya muda. Jumla yake ni kama kilobiti 80 kwa sekunde kila upande, na kodeki mpya kama Opus hutumia pungufu ya hapo. Laini ya kawaida ya ofisi inaumudu mzigo huo bila taabu.

Hakuna hakikisho kwamba pakiti zitafika kwa mpangilio. Simu ya shangazi huzishikilia kidogo, huzipanga kwa namba, kisha huzicheza. Iliyochelewa mno hutupwa wala haiombwi tena, maana silabi yake imekwisha pita. Zikikosekana chache, programu hukisia na kuziba pengo. Zikikosekana nyingi mfululizo, shangazi husikia "Shi… oo".

Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano (ITU) unashauri sauti itumie si zaidi ya milisekunde 150 kutoka mdomoni hadi sikioni. Kabla ya 2009, pwani yetu ya Afrika Mashariki ilitegemea setilaiti zilizo kama kilomita 36,000 juu ya ikweta, ambako kupanda na kushuka tu humaliza robo sekunde. "Marahaba" ilirudi baada ya zaidi ya nusu sekunde. Kijana alishadhani hakusikika, akarudia salamu, na sauti mbili zikagongana. Mkongo wa baharini wa SEACOM mwaka 2009, kisha EASSy mwaka 2010, ndio ulioondoa adha hiyo.

Sasa ucheleweshaji umehamia ofisini mwetu. Mtu mmoja akipakia video, ruta hujaa foleni na pakiti ndogo ya sauti husubiri nyuma ya faili kubwa. Spidi mpya husaidia mpaka atakapotokea mpakiaji mwingine. Ipeni sauti kipaumbele kwenye ruta, wekeni kikomo cha upakiaji chini kidogo ya uwezo wa laini, na simu za mezani ziunganishwe kwa waya. Pimeni ucheleweshaji saa za kazi. Vipimo vya usiku, ofisi ikiwa tupu, havituambii kitu.

Nina pendekezo moja zaidi, nalo nalisisitiza. Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilipokatika, intaneti iliyumba Tanzania na kwa majirani. Wateja wenye matawi mikoani wawekewe seva ya simu humu nchini, kwa watoa huduma wanaobadilishana data katika kituo cha TIX, Dar es Salaam, ili simu ya Kariakoo kwenda Mwanza isilazimike kuvuka bahari.