Ghala Lililo Chini ya Udongo



Leo tumekuja kuongea juu ya mimea inayojiwekea akiba. Mahindi huweka mali yake juu, na mvua ikikatika wakati wa kuchanua, basi, gunia halijai. Lakini iko mimea mingine inayoficha chakula chini. Nduma hunenepesha shina lake ndani ya udongo, ila inataka maji mengi. Muhogo nao hujaza mizizi. Jua likizidi, huangusha majani na kungoja. Mvua ikirudi, huchipua tena.

Tena muhogo uliokomaa hauhitaji gunia wala dawa ya wadudu. Unauacha ardhini, unachimba wa kutosha siku hiyo tu, kwa maana ukishachimbwa, siku mbili tatu huanza kuharibika.

Sasa tuseme ukweli. Sisi wenyewe tulikosea. Tulipoanza shamba la kikundi, mwenzetu mmoja alituletea mzigo wa vijiti vya muhogo bure. Wengine wetu tulikuwa tumeona majani ya shamba lake yamejikunja na kuwa na mabaka ya manjano. Tukanyamaza. Nani atakataa zawadi ya jirani? Tulipanda nusu ekari, na shamba zima likashikwa na batobato. Siku ya kuchimba, mizizi ilikuwa kama vidole. Akina mama walirudi nyumbani na vikapu vitupu, na ulikuwa mwezi wa njaa.

Batobato husafiri ndani ya kijiti tunachopanda, na pia huenezwa na nzi weupe wadogo. Ugonjwa huu uliharibu mihogo mingi sana Uganda kuanzia mwisho wa miaka ya 1980, ukavuka hadi magharibi mwa Kenya katika miaka ya 1990. Kwa hiyo, tuliamua hivi:

1. Tunachagua mbegu shambani, majani yakiwa bado kwenye mti. Kijiti kikishakatwa, huwezi kujua kilitoka kwa mti gani.

2. Tunakata vijiti vya sentimeta 20 hadi 30, kutoka katikati ya shina lililokomaa, vyenye macho matano au zaidi.

3. Mti ukionyesha mabaka ungali mchanga, tunang'oa na kuchoma.

4. Tunamwuliza afisa wa kilimo aina zinazostahimili ugonjwa katika sehemu yetu.

Yule mwenzetu hakukasirika. Alisema, "Mngeniambia mapema, hata mimi ningepona." Maneno hayo yalituchoma. Ndugu zetu, kumwambia jirani kwamba mbegu yake ni mgonjwa si kumtukana. Ni kulinda ghala lake na letu.

Basi, kabla kikundi chenu hakijakata vijiti msimu huu, tembeeni pamoja shamba kwa shamba, mkaangalie majani.