Hadhira Inayongoja: Mashabiki wa Star Trek na Msimu wa Tatu

Katika nadharia ya fasihi simulizi, fanani hatenganishwi na hadhira yake. Anayesema "Paukwa" hana ruhusa ya kuendelea mpaka ajibiwe "Pakawa". Na akiona macho yamelegea, hufupisha ngano, huongeza wimbo, au huahirisha hadi usiku wa pili. Televisheni ilipokuja ilikata uzi huo. Msimulizi husema, lakini jibu la hadhira halimfikii. Kinachomfikia ni takwimu. Swali la mhadhara huu, basi, ni hili: hadhira iliyonyimwa njia ya kujibu hufanya nini inapoambiwa kwamba hadithi huenda isiendelee? Mfano unaochunguzwa ni tamthilia ya bunilizi ya kisayansi ya Marekani, Star Trek, katika majira ya baridi ya 1967 na 1968.

Tamthilia hiyo ilianza kurushwa na shirika la utangazaji la NBC tarehe 8 Septemba 1966. Idadi ya watazamaji, kama ilivyokadiriwa na kampuni ya Nielsen kwa kupima kaya chache za mfano, haikuridhisha, na msimu wa pili ulipokuwa ukiendelea zilienea habari kwamba wa tatu usingekuwapo. Bjo Trimble na mumewe John waliandaa waraka uliorudufiwa, wakawapelekea mashabiki. Kila aliyeupokea aliombwa aiandikie NBC barua na awahimize watu kumi wengine wafanye vivyo hivyo. Januari 1968 wanafunzi wa chuo cha Caltech waliandamana usiku na mienge hadi ofisi za NBC mjini Burbank, California. Idadi ya barua ina utata: simulizi za baadaye huzifikisha hata milioni moja, ilhali hesabu zinazotajwa kuwa za shirika lenyewe ni za zaidi kidogo ya laki moja. Laki moja inatosha.

Hapa Kiswahili kina tofauti yenye manufaa. "Kusubiri", neno lenye asili ya Kiarabu, hubeba ndani yake subira, yaani ustahimilivu wa mtu aliyeliacha jambo mikononi mwa mwingine. Na methali humwahidi kwamba subira yavuta heri. "Kungoja", neno la Kibantu, halina uzito huo wa kimaadili: mtu aweza kungoja huku amekasirika, huku akibisha mlango. Katika matumizi ya kila siku maneno haya hubadilishana nafasi, lakini tofauti yake haijafutika, na mashabiki hawa walikuwa watu wa kungoja.

Tarehe 1 Machi 1968, mara baada ya sehemu ya wiki hiyo kumalizika, sauti ya mtangazaji iliarifu kwamba tamthilia ingeendelea. Tangazo la namna hiyo halikuwa la kawaida. Lilidokeza pia kwamba barua zikome. Zikaja nyingine tele, safari hii za shukrani. Kwa istilahi za ngano, "Pakawa" ilikuwa imepitia posta.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba hadhira ilishika usukani. Gene Roddenberry, mbunifu wa tamthilia, aliisaidia kampeni kimyakimya, kwa hiyo nyuma ya sauti ya hadhira ulikuwapo mkono wa fanani. Tena, kilichongojwa kilipofika kilikuwa kimepunguka. Msimu ulipangiwa Ijumaa saa nne usiku, wakati ambapo vijana wengi hawapo nyumbani, bajeti ikapunguzwa, Roddenberry akajitenga na kazi ya kila siku. Sehemu ya kwanza, ya tarehe 20 Septemba 1968, ilihusu ubongo wa Spock ulioibwa, na hadi leo mashabiki wengi huihesabu miongoni mwa zile dhaifu kuliko zote. Ukali wa hukumu hiyo unaeleweka: aliyeipigania hadithi haitazami kama mpita njia. Sehemu ya mwisho ilirushwa tarehe 3 Juni 1969.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili liko jambo jingine. Afisa wa mawasiliano katika chombo hicho cha anga aliitwa Uhura, jina lililoundwa kutokana na "uhuru". Kiswahili hakitii nomino zake alama ya jinsia, wala irabu "a" mwishoni haimfanyi mtu kuwa mwanamke. Ni sikio lililozoea majina ya Ulaya lililoligeuza neno. Nichelle Nichols, aliyeigiza nafasi hiyo, alisimulia kwamba alipotaka kuondoka baada ya msimu wa kwanza, Martin Luther King alimsihi abaki, kwa kuwa alikuwa Mweusi mwenye cheo katika picha ya wakati ujao. King aliuawa tarehe 4 Aprili 1968, mwezi mmoja na siku chache baada ya tangazo la NBC. Msimu wa tatu hakuuona.

Msimu huo uliopunguka ulileta sehemu 24, zikafanya jumla ya 79 badala ya 55. Akiba hiyo iliviwezesha vituo vya mikoani kuirudia tamthilia siku baada ya siku katika miaka ya 1970, wakapatikana mashabiki wapya, wakangoja kitu ambacho hakuna aliyekuwa amekiahidi. Waliandika hadithi zao wenyewe katika majarida madogo ya kurudufu, wakakusanyika New York Januari 1972, na filamu ilipotoka Desemba 1979, Uhura alikuwa bado kwenye mitambo yake ya mawasiliano.